Je, Wajua? Wawili Huku, Wawili Kule

Je, wajua kwamba Mkenya amewahi kutwaa taji la tenisi ya kulipwa, wanaume wawili kila upande, kwenye ziara kuu ya dunia? Tena si mara moja, ni mara tatu. Anaitwa Paul Wekesa. Huku Magharibi mwa Kenya jina hilo halimshangazi mtu, kila darasa Kakamega au Bungoma lina Wekesa wake, lakini waulize vijana wanaofurika uwanja wa Bukhungu siku ya kandanda na wengi watatikisa vichwa. Mwaka 1989, mjini Seoul, Korea Kusini, Wekesa na Mmarekani Scott Davis walishinda fainali ya KAL Cup. Davis hakuwa mchezaji wa kubahatisha: mwaka 1991 alibeba Australian Open akishirikiana na David Pate. Akicheza peke yake, Wekesa alipanda hadi nambari 100 duniani mwaka 1995. Mafanikio hayo yanatosha mtu kukumbukwa, lakini mataji yake yote ya ziara kuu aliyapata akiwa na mwenzake kando yake. Naona tulimsahau mapema mno.

Je, wajua kwa nini uwanja wa tenisi una mistari miwili kila ubavu? Mchezo wa mmoja kwa mmoja hutumia upana wa mita 8.23. Wakiingia wanne, ile mistari ya nje ndiyo inayohesabika na upana unafika mita 10.97, yaani mita 1.37 zaidi kila upande. Urefu haubadiliki, ni mita 23.77. Kisanduku cha kupokelea sevu nacho hakiongezeki hata kidogo. Kwa hiyo anayepiga sevu analenga eneo lile lile dogo, ila mpira ukishaingia mchezoni, ana mita hizo za pembeni za kulinda.

Je, wajua yule anayesimama karibu na wavu huwa anafanya nini na mkono wake mgongoni? Anazungumza. Vidole vyake vinamwambia mwenzake aliye nyuma sevu iende wapi, na kama yeye atavuka kwenda upande wa pili au atabaki alipo. Wapinzani hawaoni kitu. Wakati mwingine huchutama katikati kabisa, sevu ikipita juu ya kichwa chake, kisha huchomoka kushoto au kulia sekunde ile ile. Anayepokea hubaki akikisia. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndiyo sababu ukitazama mechi ya wanne usikodolee mpira peke yake. Mtazame asiye na mpira.

Je, wajua sevu ikimgonga mpinzani aliye kwenye wavu kabla haijadunda, pointi ni ya aliyepiga? Ikimgonga mwenzako mwenyewe, ni kosa. Na mkigusa mpira nyote wawili mmoja baada ya mwingine, mmeshaipoteza.

Je, wajua kwamba kwenye ziara ya ATP, tangu 2006, wawili kwa wawili wakifika 40-40 hawaendi mbali tena? Inachezwa pointi moja, anayeipata anachukua gemu. Wanaopokea ndio wanaochagua nani kati yao aikabili sevu hiyo. Wakigawana seti moja moja, seti ya tatu haichezwi: wanashindania pointi 10, mradi mshindi awe mbele kwa mbili. Wapo wanaolalamika kwamba mfumo huu unaipa bahati nafasi kubwa. Unaipa, ni kweli, lakini pia unaifanya kila pointi imtoe mtu jasho.

Muulize Mkenya Angella Okutoyi. Julai 2022, kwenye fainali ya wasichana ya Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi 11-9 katika pointi hizo za mwisho. Hilo lilikuwa taji la kwanza la Grand Slam kwa Kenya. Mmoja wa wasichana walioshindwa nao siku hiyo alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alimbwaga Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal. Tazama basi: Wekesa wawili wawili, Okutoyi wawili wawili.

Okutoyi mwenyewe ni pacha. Na je, wajua kwamba wawili waliotawala tenisi hii kuliko wote, Bob na Mike Bryan wa Marekani, nao ni mapacha? Mike alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo kwa desturi yetu ya Magharibi angeitwa Mukhwana na Bob angeitwa Mulongo. Mike hutumia mkono wa kulia, Bob wa kushoto, hivyo jua na upepo havikuwasumbua kwa namna moja. Walistaafu mwaka 2020 wakiwa na mataji 119 pamoja, 16 kati yake ya Grand Slam.

Je, wajua mechi ndefu kuliko zote ya wawili kwa wawili? Ilichezwa Geneva, Februari 2013, kwenye Davis Cup. Tomáš Berdych na Lukáš Rosol wa Jamhuri ya Cheki waliwashinda Waswisi Stanislas Wawrinka na Marco Chiudinelli, seti ya tano ikiisha 24-22. Ilichukua zaidi ya saa 7, muda wa kutosha basi la asubuhi kutoka Kakamega kulikaribia jiji la Nairobi. Mechi za namna hiyo zinazidi kuwa adimu. Hata Wimbledon, iliyoshikilia seti tano kwa wanaume wawili wawili kwa miaka mingi, ilishuka hadi tatu mwaka 2023.

Je, wajua kwamba katika makundi ya chini ya Davis Cup kanda ya Afrika, ambako Kenya imecheza kwa miaka mingi, nchi mbili hukutana kwa mechi tatu tu? Mbili za mmoja kwa mmoja, kisha ya wawili. Mkitoka 1-1, taifa zima linawategemea wale wawili.

Je, wajua mpira wa kawaida wa tenisi haufai Kakamega? Shirikisho la tenisi duniani lina mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, na mji wetu uko juu ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda kasi na kudunda juu zaidi. Aliyesimama kwenye wavu anapata muda mfupi zaidi wa kujibu, na ule mpira wa kurushwa juu ya vichwa vya wapinzani huangukia nje kwa urahisi. Ongeza mvua zetu za radi za alasiri, na kocha yeyote wa hapa atakuambia mechi ianze asubuhi.

Je, wajua umri si kizuizi kikubwa katika tenisi ya wawili kwa wawili? Januari 2024, Rohan Bopanna wa India alishinda Australian Open akiwa na Matthew Ebden na kuwa nambari moja duniani, akiwa na miaka 43.

Na Waafrika wengine? Wayne Black na Kevin Ullyett wa Zimbabwe walichukua US Open 2001 na Australian Open 2005. Mwaka huo huo wa 2005, Wesley Moodie wa Afrika Kusini na Mwaustralia Stephen Huss waliingia Wimbledon kupitia mechi za mchujo, wakawaondoa wakubwa mmoja baada ya mwingine, na fainali wakawashinda Bob na Mike Bryan. Kabla yao, hakuna jozi iliyotoka kwenye mchujo iliyowahi kushinda taji hilo la wanaume.