Nyasi Chotara na Kiu ya Ukambani

Ukipita Mbooni au Kilungu, huko Ukambani, baada ya mvua za vuli, utaona kingo za matuta ya fanya juu zimesimama nyasi ndefu za majani mapana ambazo wafugaji wanaziita bana. Wengi hudhani ni napia tu ya aina nyingine. Kumbe bana imezaliwa na napia na mawele, nafaka ileile inayovumilia jua la Mwingi. Napia ina kromosomu 28 na mawele 14. Kila mzazi akatoa nusu yake, mtoto akapata 21. Idadi hiyo haigawanyiki sawasawa mmea unapotengeneza chavua, ndiyo maana bana haizai mbegu. Mfugaji hukata shina lenye macho matatu, akalifukia, na shamba likaendelea.

Bana ni chotara rahisi. Brakiaria ilikuwa na kizingiti kikubwa zaidi.

Brakiaria ni nyasi za Afrika. Ile iitwayo Brachiaria ruziziensis ina jina la bonde la Mto Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Burundi. Brachiaria decumbens ilichukuliwa Uganda mwaka 1930 ikapelekwa Australia, ambako ilipata jina la Basilisk, kisha ikaenea Brazili. Kati ya 1984 na 1985 watafiti wa kituo cha CIAT cha Colombia, pamoja na wenzao wa Afrika, walizunguka Kenya, Ethiopia, Tanzania na nchi jirani wakikusanya mamia ya sampuli.

Tabu ilikuwa hii: spishi zenye nguvu, decumbens na brizantha, kwa kawaida hutoa mbegu bila kutungishwa. Kila mbegu ni nakala ya mama yake, kwa hiyo huwezi kuzipandisha ukapata mtoto mpya. Ruziziensis huzaa kwa kutungishwa, lakini kromosomu zake ni 18 na za ndugu zake ni 36. Watafiti wa Ubelgiji waliitia ruziziensis dawa ya kolkisini, kromosomu zikaongezeka maradufu, na mlango ukafunguka. Mwaka 1988 CIAT, chini ya mtafiti John Miles, ikaanza kupandisha: ruziziensis kuwa mama, hao wengine kutoa chavua. Baadhi ya watoto walirithi tabia ya kuzaa bila kutungishwa, na hapo ndipo palipo na faida. Chotara wa namna hiyo habadiliki kizazi hadi kizazi, tofauti na mahindi chotara ambayo ukirudia mbegu yake mavuno huporomoka. Mulato II, yenye damu ya spishi zote tatu, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 2000.

Hatimaye nyasi hizo zikarudi Afrika Mashariki. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, huko Katumani, akiwemo Donald Njarui, walizijaribu pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Mulato II ikiwa mojawapo, na mwaka 2016 matokeo yakajadiliwa katika kongamano la Naivasha. Ng'ombe huzipenda. Jani la Mulato II ni pana, limefunikwa na vinyweleo laini hata ukilipapasa linashika kidole, na shina lake hutoa machipukizi mengi ambayo mfugaji anaweza kuyatenganisha na kuyapanda upya.

Lakini tuseme ukweli. Mulato II ilichaguliwa Amerika ya Kusini kwa matatizo ya huko: udongo wenye asidi na wadudu wanaofyonza utomvu wa nyasi. Ilipofika Kenya ilikutana na utitiri mwekundu. Inataka pia mvua ya milimita 700 hivi kwa mwaka. Milima ya Makueni inaweza kuipa, Kibwezi na Mutomo hazina hakika hiyo. Kati ya 2020 na 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo katika nyanda kame za Kenya, mfugaji wa Kitui Kusini hakuhitaji nyasi iliyoshinda mtihani wa Colombia. Chotara hutatua lile tatizo ambalo mzalishaji alilitanguliza, na la Ukambani bado halijatangulizwa na mtu.

Wazazi wa kuanzia wako hapahapa. Kituo cha KALRO Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha SEKU huko Kitui wamefanya kazi na mbeetwa, nguu, kilili na ndata kivumbu, nyasi ambazo wazee wanazijua kwa majina na ambazo zimeonyesha kuwa zinaweza kuota hata palipobaki udongo mtupu. Ndata kivumbu imekwenda mbali kuliko zote: mbegu zilizotoka Turkana zilianzisha malisho ya Texas, na zilizotoka Dodoma zikawa aina maarufu ya Australia. Nayo kwa kawaida huzaa bila kutungishwa, lakini watafiti wa Texas waligundua mmea mmoja adimu unaokubali kupandishwa, wakazalisha aina mpya kutokana nao.

Mmea wa namna hiyo unastahili kutafutwa katika vichaka vya Kibwezi na Ikutha, kabla ya makaa na malisho kupita kiasi kumaliza mashina ya mwisho. Kaunti za Makueni na Kitui hugawa mbegu za nyasi kwa wafugaji. Sehemu ya fedha za mbegu hizo iende Kiboko, kwa mpango wa miaka 15 badala ya mradi wa miaka mitatu. Kutoka majaribio ya kwanza ya 1988 hadi Mulato II, CIAT ilihitaji takriban muda huo.