CHUO KIKIPANDA DARAJA, MTOTO WETU APATA NINI?

Tujibu swali hili. Chuo cha ufundi kikipanda daraja, mtoto wa Kidato cha Nne wa Muheza au Pangani amefungiwa mlango? La, hasha.

Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilianza mwaka 1957. Kilifundisha mafundi sanifu. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria, kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Sasa kinatoa shahada za uhandisi. Lakini stashahada haikuondolewa.

Kwa nini? Tazama ujenzi wa barabara. Mhandisi hupiga hesabu. Fundi sanifu hupima na kusimamia. Fundi hufunga nondo. Akikosekana mmoja, kazi inalala.

Basi tusiangalie jina la chuo tu. Tuulize: stashahada ipo? Na mtoto akazanie hisabati na sayansi tangu sasa.