Mchoro wako wa ndege unafanana na kadibodi? Tatizo ni kivuli

Kuchora ndege ya zamani kwa ubavu huonekana kazi rahisi. Huhangaiki na vitu vya mbali na karibu, na bawa lenyewe halionekani sana. Lakini hapo ndipo vijana wengi hukwama: mistari safi, rangi sahihi, na bado ndege ni bapa kama kadibodi. Ukichora kwa ubavu, ni kivuli kinachomwonyesha mtazamaji kwamba mwili wa ndege ni wa mviringo.

Chukua DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Si ngeni kwetu. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946 na ndege sita aina ya Dragon Rapide, baadaye liliitumia. Mwili wake ni kama mkebe mrefu. Chipukizi wengi huweka mwangaza juu kabisa, giza chini kabisa, kisha wanasambaza rangi katikati. La hasha! Panapong'aa zaidi pawe chini kidogo ya mgongo, nalo giza zito liishe kabla ya kufika mwisho wa tumbo, kwa kuwa ardhi hurudisha mwanga. Huo ukanda mwembamba wa mwanga hafifu chini ndio unaoipa ndege unene.

Na kama ni ile ya bati tupu isiyopakwa rangi, basi ichukulie kama kioo. Nusu ya juu inaakisi anga, ya chini inaakisi ardhi, na zinapokutana pana mstari mkali. Ukiiweka kwenye kiwanja cha murram, tumbo lake liwe na wekundu.

Dragon Rapide nayo ni hadithi nyingine. Mwili wake ni sanduku la plaiwudi lililovishwa kitambaa. Ukiipa kivuli cha mkebe umeiharibu. Ubavu wake uwe na rangi karibu moja, kivuli kibadilike kwa haraka kwenye kingo.

Programu si kisingizio, Krita na GIMP ni za bure. Weka rangi kwenye tabaka la chini, nembo na maandishi juu yake, halafu kivuli juu ya yote, kikiwa katika hali ya kuzidisha ili rangi za chini zisipotee. Wanaobandika nembo mwisho huishia na kitu kinachoelea kama stika kwenye dirisha la matatu. Pia, achana na nyeusi tupu. Bluu iliyokolea hufanya kazi nzuri zaidi.

Kisha kuna ile mistari ya mabati, ugonjwa wa wengi. DC-3 ina urefu wa mita 19.7. Ukiichora kwa pikseli 3,940, kila mita ni pikseli 200, kwa hivyo mwanya wa milimita 2 haufiki hata nusu pikseli. Sasa mbona unauchora mweusi ti? Ufifishe hadi uonekane kwa shida.

Wateja wa michoro hii mara nyingi ni watu wanaozijua ndege, wengine wameziendesha au kuzikarabati, na hawalipii kadibodi. Kabla ya kutuma kazi, ondoa rangi zote zibaki nyeupe, kijivu na nyeusi, kisha uipunguze itoshe kidole gumba. Kama bado inaonekana nene, taja bei yako.