Neva Inayovuja Baada ya Kishindo

Mtu akianguka na pikipiki, akapoteza fahamu kidogo kisha akazinduka, picha ya CT scan mara nyingi hurudi safi. Fuvu zima, damu haikuvujia ubongoni. Lakini kwa wiki kadhaa anasahausahau, hawezi kutuliza akili, kichwa kinamuuma, na wapo wanaomwambia anajidekeza. Hajidekezi, na hesabu za kompyuta zinatusaidia kuelewa kwa nini.

Neva za ubongo hushindwa kazi hata bila kukatika. Katika utando wa neva mna milango midogo ya protini inayopitisha ioni za sodiamu. Neva ikitulia, ndani yake huwa chini ya nje kwa milivolti 70 hivi, na milango karibu yote imefungwa. Ishara ikifika, milango inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, na ishara inasonga mbele. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliandika milinganyo ya kazi hiyo mwaka 1952, kutokana na vipimo vya neva nene ya ngisi. Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Hesabu hizo leo kompyuta ndogo huzimaliza kufumba na kufumbua.

Milinganyo hiyo imekuja kutumika kuchunguza jeraha. Nchini Kanada, Catherine Morris, Béla Joós na wenzao walianza na jambo lililoonekana maabara: utando ukivutwa kupita kiasi, milango ya sodiamu hufunguka mapema, kwenye volti ambapo ingepaswa kuwa imefungwa, na haiachi tabia hiyo. Wakaliingiza badiliko hilo kwenye modeli ya kompyuta iliyojengwa kwa milinganyo hiyo, sehemu ya milango ikiwa mizima, sehemu imeharibika. Matokeo yake yanafundisha sana. Sodiamu inavuja bila kukoma, na pampu za neva, ambazo kazi yake ni kuitoa, zinafanya kazi kupita kawaida na kula nishati nyingi. Ni mtumbwi uliotoboka: ukikumba maji kwa kasi, unaelea, mkono ukichoka, unazama. Uharibifu ukizidi, neva hupiga ishara ovyo bila kuamriwa, na mwishowe hunyamaza kabisa.

Sodiamu ikijaa ndani, kalisiamu nayo hupata njia ya kuingia, ikaamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya nguzo za neva yenyewe. Ndiyo maana madhara huendelea kukua saa na siku nyingi baada ya ajali.

Modeli ya kipande cha neva si ubongo, na haiwezi kutabiri mgonjwa gani atapona lini. Ila imetuonyesha jeraha lisiloonekana kwenye picha.

Basi ukiwa na ndugu aliyegonga kichwa, mwamini anachokueleza. Mpumzishe, usimharakishe kurudi kazini au uwanjani. Akianza kutapika mara kwa mara, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa au kupata degedege, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi.