Kulala Chini ya Nyasi: Vijumba vya Msituni kati ya Gitega na Muyinga

Kijumba cha msituni, kwa maana inayokusudiwa katika makala haya, ni makazi ya chumba kimoja au viwili, yaliyojengwa ndani ya msitu au pembezoni mwake kwa mbao, magogo, udongo au nyasi, ambamo mtu hukaa siku chache akijipikia na kuchota maji mwenyewe, huku akikubali kwamba sehemu kubwa ya siku hizo itapita nje ya kuta. Neno "kijumba" limechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa "nyumba ndogo" limekwisha kupewa maana ya mpenzi wa nje ya ndoa katika Kiswahili cha mitaani, hasa cha Tanzania, na "kibanda" nalo hubeba dokezo la umaskini. Dokezo hilo si dogo, kwani nchini Burundi ndilo linaloamua kama makazi ya namna hii yataheshimiwa au yataonewa haya.

Katika nchi za kaskazini ya dunia udogo wa nyumba ya msituni umekuwa kitu cha kuchagua. Ufini, nchi yenye watu wasiofika milioni 6, ina vijumba vya mapumziko vipatavyo 500,000, vingi vikiwa kandokando ya maziwa na ndani ya misitu, na familia nyingi huhamia humo wakati wa kiangazi. Nchini Marekani, Henry David Thoreau alijenga mwaka 1845, karibu na bwawa la Walden katika jimbo la Massachusetts, kijumba chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, yaani takriban mita 3 kwa mita 4.5, akaishi humo kwa miaka miwili na miezi miwili, na kitabu alichokitoa mwaka 1854 kuhusu ukaazi huo bado husomwa na wale wanaotaka kupunguza mali ili wapate muda. Afrika Mashariki nayo ina historia yake: hoteli ya Treetops katika milima ya Aberdare nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilianza kama nyumba ya vyumba viwili tu juu ya mti wa mugumo, kabla ya kukua na kupata umaarufu. Katika mifano yote hiyo aliyelala humo alikuwa na mahali pengine pakubwa zaidi pa kurudi, na hapo ndipo penye tofauti na Burundi.

Burundi ya kale haikuwa na vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila familia ilikaa katika "urugo", neno la Kirundi lenye kumaanisha boma la makazi lililozungushiwa ua wa miti hai au matete, na maboma hayo yalitawanyika juu ya vilima, kila moja likiwa katikati ya migomba na mashamba yake, hata leo mtu anayetazama kilima cha Gitega kutoka ng'ambo ya bonde huweza kudhani kwamba anaona kichaka kinene mpaka moshi utakapomjulisha kwamba mna watu. Kwa hiyo makazi yaliyofichwa ndani ya majani ndiyo yaliyokuwa sura ya kawaida ya nchi. Kilima, ambacho katika utawala wa Burundi ndicho ngazi ya chini kabisa baada ya mkoa na tarafa, ndicho kilichochukua nafasi ambayo kijiji kinayo katika nchi jirani.

Nyumba yenyewe, "inzu" kwa Kirundi, ilikuwa ya msonge, yaani ya duara iliyoezekwa kwa nyasi, na ufundi wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu mara nyingi hudharauliwa na watu ambao hawajautazama kwa karibu. Kazi ilianza kwa kuchora duara ardhini na kuchimbia miti mirefu myembamba kuuzunguka mstari huo, kisha miti ikapindwa kuelekea katikati na kufungwa kileleni, na fito zikasukwa kuizunguka pete baada ya pete, hata kiunzi kikafanana na kikapu kikubwa kilichofunikwa kifudifudi. Ulinganisho huo si wa bahati, kwa maana Warundi ni wasusi wa vikapu mashuhuri, na mkono uliojua kusuka kikapu haukuhitaji kufundishwa upya kanuni ya kusuka nyumba. Juu ya kiunzi ziliwekwa tabaka za nyasi kuanzia chini kwenda juu, ili kila tabaka lifunike mwanzo wa lile la chini yake na maji ya mvua yateleze bila kupenya, na kwa namna hiyo ukuta na paa vikawa kitu kimoja kisicho na pembe ya kuvujia. Nyasi zilikatwa wakati wa "ici", msimu mrefu wa ukame unaoanza kama mwezi Juni na kwenda hadi Septemba, kwa sababu nyasi mbichi huoza haraka. Ndani, matete yaliyosukwa yaligawa mahali pa kulala na mahali pa moto, na moto huo wa mafiga matatu, uliowaka bila bomba la kutolea moshi, ulifanya kazi ambayo mgeni asingeitambua upesi: moshi uliopenya polepole katika nyasi ulilikausha paa kwa ndani na kuwafukuza wadudu wanaolila, hivyo nyumba iliyokaliwa ilidumu kuliko ile iliyohamwa. Ni kweli pia kwamba moshi huohuo uliumiza macho na mapafu ya waliolala humo, hasa wanawake na watoto, na jambo hilo halipaswi kufichwa na mtu yeyote anayesifu usanifu wa kale.

Mahali ambapo ufundi huo bado unaonekana kwa ukamilifu ni Gishora, kilima kilicho umbali wa takriban kilometa 7 kutoka mjini Gitega, ambacho historia yake imefungamana na Mwami Mwezi Gisabo, mfalme aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908. Mwami ni cheo cha mfalme wa Burundi. Wageni wengi hufika Gishora kwa ajili ya ngoma za kifalme, ambazo ibada na uchezaji wake viliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, lakini nyumba za nyasi zilizojengwa pale kwa mtindo wa ikulu ya zamani zinastahili kutazamwa kwa uzito uleule. Wafalme wa Burundi walikuwa na makazi mengi na walihama kutoka kilima hiki hadi kile, kwa hiyo hata ikulu ilijengwa kwa vitu ambavyo vingeweza kuachwa na kurudi kuwa udongo bila kuacha jeraha ardhini. Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa Gitega mwaka 1955, limehifadhi vyombo vya maisha hayo, na anayepitia hapo kabla ya kwenda Gishora huielewa nyumba vizuri zaidi.

Uhusiano wa makazi na msitu ulikuwa pia na upande wa imani. Kulikuwa na vichaka na misitu iliyoitwa "intatemwa", jina linalotokana na kitenzi cha Kirundi cha kukata miti na lenye kumaanisha kile kisichokatwa, hasa mahali palipozikwa wafalme. Mamlaka ya kulinda miti hiyo yalitoka katika heshima kwa wafu, wala hapakuhitajika mlinzi mwenye bunduki, na kwa kiasi fulani vichaka hivyo vilidumu pale ambapo misitu isiyo na wafu wake ilifyekwa.

Mambo yalibadilika kwa sababu nyingi zilizoandamana. Gitega, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1912 kuwa makao yao na ambayo tangu mwanzoni mwa mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ilileta tofali la kuchoma, vigae na baadaye mabati, na nyumba ya pembe nne ikawa alama ya mtu aliyesoma. Idadi ya watu nayo iliongezeka hadi kupita watu 400 kwa kila kilometa ya mraba, nyanda za nyasi za kuezekea zikageuzwa mashamba, na tofali la kuchoma, ambalo hula kuni nyingi katika tanuri, likachukua sehemu yake ya miti iliyobaki. Nyumba ya nyasi ikabaki kwa wale wasio na uwezo wa kununua bati, na miongoni mwao Batwa, watu ambao zamani waliishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula msituni, kisha kwa kufinyanga vyungu, na ambao hadi leo wengi wao hawana ardhi ya kutosha. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge la Taifa na vitatu katika Seneti, lakini paa linalovuja halingoji kikao cha Bunge. Mtu anayekaa katika msonge mdogo unaovuja kwa sababu hana namna nyingine hayumo katika hali moja na mtalii anayelipa ili akae humo kwa usiku mbili, na makala yoyote kuhusu vijumba vya msituni inayozichanganya hali hizo mbili huwadhulumu wale wa kwanza.

Muyinga, mji wa kaskazini mashariki ulio kwenye barabara iendayo Kobero, mpakani na Tanzania, umetoa mfano wa njia ya tatu kati ya nyasi na bati. Mwaka 2012 ilikamilika pale maktaba yenye ukubwa wa meta za mraba 140, iliyosanifiwa na wasanifu wa BC kutoka Brussels pamoja na shirika la wenyeji la ODEDIM, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa kuwahudumia watoto viziwi pamoja na wenzao wanaosikia. Wasanifu hao walianza kwa kuzunguka katika eneo hilo wakitazama namna watu wanavyojenga, kisha wakachagua tofali la udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila kuchomwa, hivyo hapakuwa na tanuri wala kuni. Kwa kuwa tofali la namna hiyo huogopa maji, paa la vigae lilitokezwa mbele sana ili kuukinga ukuta, na chini ya upenu huo kukapatikana baraza ndefu, ambayo ni mahali ambapo maisha ya nyumba nyingi za Burundi hupita, kwa kuwa watu huketi hapo wakikwepa jua na mvua huku wakiongea na wapita njia. Nguzo za udongo zilisimamishwa karibukaribu ili zibebe uzito wa paa, boriti zilitokana na mikaratusi, hewa iliachiwa ipite kutoka upande hadi upande, na ndani yake, juu ya vichwa vya wasomaji, kulitandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto huweza kujilaza wakisoma. Jengo hilo si la msituni wala si la kulala, lakini lina kila somo ambalo mjenzi wa kijumba cha msituni anahitaji.

Msitu unaohusika hauko mbali. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 508, ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za Burundi, na inaenea kufuata bonde la mto wa jina hilo katika maeneo ya Muyinga, Karuzi, Cankuzo na Ruyigi. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa mitano uliowekwa na sheria ya mwaka 2023, Muyinga imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Mandhari ya hifadhi ni mchanganyiko wa nyika yenye miti na misitu ya kingo za mto, yaani mikanda myembamba ya miti mirefu inayofuata maji, ambamo kuna nyati, nyani, mbega, kuro na aina zaidi ya 400 za ndege, na jina la Ruvubu lenyewe linatokana na "imvubu", yaani kiboko. Mto huo hupokea maji ya Ruvyironza, unaotoka karibu na Rutovu, mahali ambapo Mjerumani Burckhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938 kuonyesha chemchemi ya kusini kabisa ya Nile, kisha hupita eneo la Gitega na kuingia hifadhini kabla ya kuungana na Kagera. Burundi haina hifadhi nyingine ambayo kijumba kidogo, chenye dirisha linaloelekea mtoni, kingeifaa kama hii.

Hata hivyo bonde hilo halikuwa tupu. Hifadhi ilipoanzishwa, familia zilizokuwa zikilima na kuchunga humo zilihamishwa, na kumbukumbu ya kuhamishwa huko bado iko hai miongoni mwa wakazi wa pembezoni, ambao wengi wao wana uhaba wa ardhi. Kumwalika mgeni alale mahali ambapo mwenyeji alikatazwa kulala ni jambo zito, na halipati uhalali kwa uzuri wa mandhari peke yake. Hupata uhalali kwa kiasi fulani ikiwa waliohamishwa na watoto wao ndio wanaojenga, wanaomiliki au angalau wanaopata ujira wa kudumu, na ikiwa vijumba vinawekwa nje ya mpaka wa hifadhi, juu ya vilima vinavyoitazama, badala ya kuupasua msitu kwa barabara mpya.

Kenya hutoa kipimo kinachofaa. Katika msitu wa Kakamega, upande wa kaskazini unaosimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, yako mabanda ya Udo, misonge michache ya kuezekwa kwa nyasi iliyopewa jina la mtafiti wa ndege Udo Savalli, ambamo mgeni huja na chakula chake, hujipikia na kutumia choo kilicho nje. Mabanda hayo ni madogo kiasi kwamba msitu hausumbuki kwa kuwapo kwake, na bei yake imewawezesha wanafunzi na familia za Kenya kulala msituni, jambo ambalo hoteli za kifahari haziwezi.

Kijumba cha Ruvubu kingeweza kujengwa kwa kuunganisha ujuzi wa Gitega na wa Muyinga: ukuta wa tofali lisilochomwa kama la Muyinga, baraza pana mbele, boriti za mikaratusi kutoka mashamba ya miti yaliyopandwa na si kutoka kingo za mto, na paa la nyasi lililoezekwa kwa mkono wa Gishora, meko yakiwa nje ya chumba cha kulala ili moshi usiwarudie walalao. Kwa kuwa paa lisilopata moshi huliwa na wadudu upesi, nyasi zingelazimika kubadilishwa mara nyingi zaidi, na hiyo ingekuwa kazi ya kila "ici" kwa watu wa pembezoni mwa hifadhi, ambao wangeruhusiwa kukata nyasi katika maeneo yaliyopimwa. Serikali imekuwa ikihimiza upandaji miti tangu mwaka 2018 katika mpango wa "Ewe Burundi Urambaye", wenye jina linaloitaka nchi ivae nguo, na vilima vinavyopakana na hifadhi vina nafasi ya kuvishwa kwanza, ili miti ya kujengea na kuni za wageni zipatikane bila kuugusa msitu wa mto. Waezekaji wenye ujuzi kamili si wengi tena, kwa maana vijana hujifunza kupigilia bati, kazi inayokwisha kwa siku moja. Lakini barabara ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi huvuka Ruvubu, na mzee mmoja kutoka Gishora akipelekwa kwa msimu mmoja wa ukame, akiwa na vijana wanne wa kushika fito na kufunga nyasi, angerudi nyumbani akiwa amewaachia wote wanne ufundi huo.