Gari Likichemsha Kakamega: Lipia Ukaguzi Kabla ya Spea

Gari kuukuu la familia linapoanza kuchemsha, bili inaweza kuwa mamia ya shilingi ya kifuniko cha rejeta, au ikapita laki moja kwa injini nyingine. Kwenye dashibodi dalili ni ile ile: mshale wa joto unapanda. Bili hutegemea mambo mawili, jinsi dereva alivyosimama mapema na alichopima fundi kabla ya kuitisha spea. Wengi hupoteza pesa kwenye hilo la pili. Hubadilisha rejeta, kisha pampu, kisha thamostati, na gari bado linachemsha.

Magari yetu mengi yana umri wa kutaka uangalifu huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Noah au Fielder iliyoingia mwaka 2012 huenda ni ya 2005. Barabara nazo zinayabana magari haya. Kutoka Kisumu kupitia Kiboswa hadi Majengo ni kupanda tu, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Mvua ya Kakamega, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, huleta tope linaloganda kwenye mapezi ya rejeta. Tena mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndani ya rejeta, mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko ndio unaoyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukichakaa, unapoteza kinga hiyo yote.

Vipimo visivyo na gharama

Kabla ya kumwita fundi, angalia gari linachemsha wakati gani. Likipata joto kwenye foleni na kupoa ukishika mwendo, shuku feni. Washa AC injini ikiwa inanguruma. Kwenye Toyota nyingi zenye feni ya umeme, feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei kabla ya kununua mota. Likichemsha mlimani lakini likatulia mjini, rejeta huenda imeziba, ndani kwa kutu au nje kwa tope na mbegu za nyasi. Kuiosha kwa maji ya taratibu yasiyokunja mapezi ni kazi unayoweza kuifanya nyumbani.

Subiri injini ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko cha rejeta, maana maji yake yakiwa moto huruka usoni na kuunguza vibaya. Tazama kama mpira wa kifuniko umepasuka na kama maji yamepungua. Kama yanapungua kila mara na huoni tone chini ya gari, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Gasketi ya hedi huenda imeungua.

Thamostati nayo hupimwa jikoni. Ikishatolewa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji iliyo motoni, isiguse chini. Ile ya injini ya 1NZ, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 vali yake iwe imeinuka milimita 8 hivi. Maji ya Kakamega huchemka karibu na hapo hapo, kwa hiyo huhitaji kipimajoto. Maji yakitokota na vali ikawa bado imefumba, itupe.

Nani apime?

Fundi wa jua kali hutoza kidogo na huyajua magari haya kwa mkono na sikio, lakini si kila mmoja ana vifaa. Gereji yenye vifaa hutoza ada ya ukaguzi, na ada hiyo ina thamani ikiwa wanafanya vipimo viwili. Cha kwanza ni pampu ya mkono inayojaza mgandamizo kwenye rejeta iliyopoa: mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Cha pili ni dawa ya buluu inayoshikiliwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikizunguka. Ikigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji, yaani gasketi imeungua au hedi imepasuka. Kuunganisha kompyuta peke yake hakutoshi, kwa sababu husoma sensa na haiwezi kuona rejeta iliyoziba.

Kwa mwenye bajeti ndogo, njia nzuri ni kulipia vipimo hivyo viwili kwenye gereji, kisha kumpelekea fundi wako majibu afanye kazi.

Ngazi za gharama

Bei hubadilika kwa modeli na duka, lakini mpangilio wake ni huu:

- Mamia ya shilingi hadi elfu moja na kitu: kifuniko, fyuzi, rilei, klipu za mipira.
- Maelfu machache: thamostati, mipira ya rejeta, belti, kulanti.
- Maelfu kadhaa hadi makumi ya maelfu: mota ya feni, pampu ya maji, rejeta.
- Makumi ya maelfu: gasketi ya hedi pamoja na kuskimu hedi.
- Juu kabisa: injini nyingine.

Usipande ngazi kabla ya kuthibitisha kwamba ya chini haina kosa.

Spea mpya au ya Japan iliyotumika?

Kifuniko, thamostati, mipira na gasketi vinunuliwe vipya, kwa kuwa huchoka kwa kutumika. Mota ya feni iliyotumika haina ubaya, mradi iunganishwe kwenye betri mbele yako kabla ya kulipa. Rejeta iliyotumika ni nafuu, lakini dai ipimwe kwa mgandamizo kwanza. Pampu ya maji iliyotumika siishauri: beringi na sili yake huwezi kuziona, na malipo ya kuifungua tena yatakula ulichookoa.

Jihadhari na ushauri wa kuendesha gari bila thamostati. Injini hukaa baridi mno, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Kwenye injini kadhaa, maji ya moto hupata njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta, na joto linazidi.

Maji matupu ni ya kukufikisha nyumbani. Kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu inayoziba rejeta. Kama ni ya kuchanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Ya mvua yaliyochujwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima.

Gasketi ikiungua

Hapa kuna njia tatu. Kubadilisha gasketi kunafaa ikiwa ulisimama mapema, na hedi ipelekwe ikapimwe kama imepinda kabla ya kuskimiwa. Ukifungiwa gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, utalipa mara mbili. Injini iliyotumika inafaa ikiwa hedi imepasuka au injini ilikuwa tayari inakula oili; dai dhamana kwa maandishi. Na kama bodi imeoza na bili inakaribia thamani ya gari, liuze jinsi lilivyo na umweleze mnunuzi ukweli.

Dai haki yako

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu kuhusu ukarabati wa magari. Fundi anapaswa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi, bili isiyazidi kwa zaidi ya asilimia 10, na urudishiwe spea zilizotolewa ukizitaka. Ziombe. Thamostati kuukuu mkononi ni ushahidi kwamba ilibadilishwa, na sufuria yako itakuonyesha kama kweli ilikuwa mbovu.

Mshale ukipanda, zima AC, simama pembeni, zima injini na uite gari la kuvuta ikibidi. Hata ukilipia kuvutwa kutoka Kiboswa hadi mjini, bado ni nafuu kuliko hedi iliyopinda.