Damu Iliyo Tayari Kabla ya Mgonjwa Kufika

Masika yanapokwisha katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, wodi za watoto huanza kujaa wagonjwa wa malaria. Vimelea vya ugonjwa huu huingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Chembechembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akicheza Jumapili aweza kufikishwa hospitalini Jumatano akiwa na viganja vyeupe, akihema kwa shida. Dawa huua vimelea, lakini hairudishi damu iliyokwisha kupotea, na mwili huhitaji majuma kadhaa kuitengeneza upya.

Kwa mtoto huyo, himoglobini ikishuka chini ya gramu 4 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani huelekeza aongezewe damu. Ikiwa kati ya 4 na 6, daktari hutazama kwanza dalili za hatari, kama vile kuhema kwa shida au kupoteza fahamu. Zaidi ya hapo, kwa kawaida hutosha tiba ya malaria, madini ya chuma na lishe bora. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe hahitaji damu asidhani amenyimwa haki yake.

Hali ya mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua ni tofauti kabisa, kwani hata aliyekuwa na afya njema aweza kufariki ndani ya saa mbili. Safari kutoka zahanati ya pembezoni hadi Rulenge, Murgwanza au Biharamulo mjini yaweza kuumaliza muda huo. Ndugu wakianza kutafutwa wakati huo, damu yao bado yapaswa kupimwa kundi, Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende. Inayomwokoa mama huyo ni ile iliyokwisha kupimwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu.

Nayo hudumu humo kwa majuma machache tu, yapata siku 35. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, na likizo ya Juni huwakuta watoto wakiugua malaria. Pengo hilo jumuiya ndogondogo zaweza kulijaza: mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, huruhusiwa kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Ale chakula kwanza, ndipo aende.